Ada za vibali vya mashindano ya uvuvi wa ndoano zinapanda kila mwaka, hivi sisi tunapinga nini hasa?

Mshipi Mrefu (mleta uzi)

Wakuu salaam. Nimeona nilete hapa maana kwenye magrupu yetu kila siku ni kelele ada imepanda ada imepanda, halafu mtu akisema haya basi tuandike barua, tuseme nini? Kimya. Mimi nimekuwa upande wa kuandaa mashindano ya klabu ndogo miaka mingi, fomu ya kibali naijua hadi pale chini panapoandikwa kwa herufi za kutafuta na miwani, na msimamo wangu nauweka mezani mapema: kulipa tulipe, ila hii kanuni ya kulipishwa bei moja wote, badala ya kila mtu kulipa kwa idadi ya boti zake, ndiyo inayotuua.

Kwa asiyejua, kibali cha mashindano huwa hakiji peke yake. Unaanza na idara ya uvuvi, hao ndio wanaotaka kujua samaki gani, wangapi, watarudishwa majini au la. Ukitoka hapo kuna mwenye maji, maana bwawa lina mamlaka yake, hifadhi ina yake, na bandari ina yake. Halafu usalama majini, boti ya uokoaji, bima ya dhima, na sehemu nyingine wanataka na dhamana ya usafi ambayo kuirudisha mfukoni ni mashindano mengine kabisa. Kila mmoja wa hawa ana risiti yake na kila mmoja akipandisha "kidogo tu" anaona yeye ni kidogo tu, ila anayejumlisha ni mwandaaji.

Sasa twende kwenye hesabu, hapa ndipo penye uzi wenyewe. Chukua ada ni 1,000 ya pesa yoyote unayoijua wewe. Klabu ndogo ina boti 10, kila boti inabeba 100. Mashindano makubwa yenye sponsa yana boti 100, kila boti inabeba 10. Ada ikipanda ikawa 3,000, wa kwetu anabeba 300 na yule mkubwa anabeba 30, yaani mkubwa hata hajui kama kuna kitu kimepanda. Sisi kwetu hiyo 300 inaingia kwenye kiingilio, kiingilio kikipanda wanabaki nyumbani watatu wanne, wakibaki nyumbani hao, wanaoendelea kushiriki mzigo unawaongezekea tena, zawadi inapungua, na mwaka unaofuata hakuna mashindano. Nimeona klabu zikifa hivi hivi bila mtu hata kugombana.

Na kitu kingine ni muda. Klabu inatangaza kalenda na kiingilio kabla msimu haujaanza, watu wanalipa, afu katikati ya msimu unaenda dirishani unaambiwa ada mpya imeanza tangu mwezi uliopita. Hiyo tofauti anaitoa nani? Inatoka kwenye zawadi, na memba wanakuangalia wewe kama umekula.

Tujadili kistaarabu. Waliopitia mambo haya waje.

---

Chubwi

Mkuu umeandika vizuri ila umesahau moja, pesa inaenda wapi? Mimi ningelipa hata hiyo 3,000 kama ningeona mteremko wa kushushia boti umetengenezwa na choo kina maji. Inaingia mfuko mkuu wa serikali, inachanganyika na kila kitu, mwaka unaofuata wanakuambia idara ya uvuvi haina bajeti kwa hiyo ada inapanda tena. Sasa ile ya mwaka jana ilifanya nini??

---

Kando ya Maji

Nitakuwa tofauti kidogo na mtanisamehe. Mimi sivui, nakaa tu jirani na maji. Siku za mashindano yenu kuanzia alfajiri ni ngurumo za injini, njia ya kushushia boti imejaa matrela, mtu aliyekuja na mtoto wake na kamtumbwi kake anaambiwa asubiri mpaka boti zote zishuke, parking hakuna, na jioni mkiondoka kuna mishipi imenasa kwenye vichaka ndege wananasa humo. Halafu siku mbili baadaye samaki wanaelea tumbo juu. Nani alipie hayo? Mimi niliyelala nyumbani? Maji ni ya wote, ukitaka kuyatumia kama ukumbi wako lipa kodi ya ukumbi.

---

Rili Kutu

Kando ya Maji hao samaki wanaoelea umewahi kuwauliza waliuawa na nani 😂😂

---

Mshipi Mrefu

Rili Kutu acha utani kwanza, jirani kaongea ukweli na tukimzomea ndiyo tunapoteza kesi. @Kando ya Maji ndugu yangu, hayo ya mishipi na parking nakubaliana na wewe, na ndiyo maana nasema tulipe. Ila jiulize, boti 10 na boti 100 zinakusumbua sawasawa? Kwa nini zilipe sawasawa?

---

Mpima Maji

Habari zenu wadau. Nimefanya kazi na watu wa uvuvi upande wa utafiti kwa hiyo nichangie hapo kwenye samaki kuelea maana wengi mnachukulia kama dharau kumbe ni sayansi ya kawaida.

Samaki anayepelekwa kwenye mizani amepitia mambo manne: kupigana na mshipi, kukaa kwenye tangi la boti masaa, kubebwa kwenye mfuko kwenda jukwaani kupimwa uzito mbele ya watu, na kuachiwa sehemu ambayo siyo aliyotolewa. Akiondoka anaogelea vizuri nyie mnapiga makofi, kifo kinakuja siku zinazofuata, na hicho ndicho jirani anachokiona. Joto ndilo linalomaliza. Maji baridi ya nyuzi 10 yanaweza kubeba oksijeni kama miligramu 11 kwa lita, yakifika nyuzi 30 yanabeba kama 7 na nusu tu, na wakati huo huo samaki mwenyewe mwili wake unahitaji oksijeni nyingi zaidi kwa sababu ya joto. Sasa weka samaki watano wakubwa kwenye tangi dogo mchana wa jua kali na pampu imezimwa ili betri isiishe. Na akitolewa kina kirefu haraka kibofu chake cha hewa kinavimba, anashindwa kurudi chini.

Kwa hiyo kibali siyo karatasi tu. Kuna mtu inabidi aamue mashindano haya yafanyike mwezi gani, mizani ifungwe saa ngapi, samaki wangapi kwa boti. Huyo mtu analipwa mshahara na akija majini anakuja na mafuta. Gharama ipo kweli.

LAKINI, na hapa nitawashangaza, gharama hiyo haihusiani na ada nyingi ninazoziona. Mashindano ambayo samaki anapimwa kwenye rula, anapigwa picha na kurudishwa hapo hapo, kama wanavyofanya wa kayaki, hayana jukwaa wala tangi wala mfuko. Hatari yake kwa samaki ni ndogo sana ukilinganisha. Ukiangalia fomu sehemu nyingi analipa sawa na yule anayewazungusha samaki mji mzima. Hiyo haina mantiki ya kiuvuvi kabisa.

---

Ndoano Duara

Hapo kwa Mpima Maji pamenikuna. Kule Marekani kuna hawa Major League Fishing walianza 2011, mwamuzi anapanda boti na mvuvi, samaki anapimwa hapo hapo anarudi majini, hakuna kubeba samaki kwenda jukwaani. Na ni mashindano ya pesa nyingi, siyo mchezo. Kwa hiyo inawezekana. Serikali ingekuwa na akili ingesema anayepima na kuachia hapo hapo alipe nusu, mngeona waandaaji wote wamehamia huko ndani ya misimu miwili bila askari hata mmoja.

Na kuhusu pesa kuchanganyika, Chubwi, hao hao Wamarekani walilitatua zamani. 1950 walipitisha sheria inaitwa Dingell-Johnson, kuna kodi ya asilimia 10 kwenye rodi, rili, chambo bandia na vifaa vya namna hiyo, inatozwa huko huko kwa mtengenezaji, afu inarudi kwenye majimbo kwa ajili ya samaki. Utamu uko kwenye sharti lake: jimbo likichukua pesa za leseni za wavuvi likazipeleka kwenye mambo mengine nje ya idara yake ya samaki na wanyama, linahatarisha mgao wake wote. Wabunge wao wanataka kuichota lakini wanaogopa. 1984 wakaongeza na kodi ya mafuta ya boti humo humo. Na wavuvi ndio walioipigania hiyo kodi, hawakuipinga, kwa sababu waliona inarudi.

---

Chubwi

Ndoano Duara sasa hiyo ndiyo ninayosema mimi!! Niwekee kufuli kwenye pesa afu uone kama nitalalamika.

---

Tanga Bovu

Mimi nauliza tu kwa nini tulipe kabisa?? Leseni ya kuvua nimelipa, usajili wa boti nimelipa, mafuta yana kodi, vifaa vina kodi. Nikivua peke yangu Jumamosi silipi kibali, nikivua na wenzangu kumi siku hiyo hiyo maji yale yale na tukaweka kiingilio kidogo cha kumpa mshindi, ghafla nimekuwa biashara. Samaki anajua kama kuna zawadi? Dawa ni mgomo, hakuna kuomba kibali, tunakutana tu "kwa bahati" kumi na mbili asubuhi kila mtu na boti yake.

---

Mshipi Mrefu

Tanga Bovu hilo la mgomo wa kimya kimya ndilo linalotokea tayari na ndilo linaloniogopesha kuliko ada yenyewe. Mashindano ya "bahati" hayana boti ya uokoaji, hayana bima, na mtu akizama mwandaaji ni nani? Kila mtu anaruka. Idadi ya boti hakuna anayeihesabu, na ripoti ya samaki waliovuliwa haiendi popote. Halafu kesho kutwa idara inasema hatuna taarifa za uvuvi wa michezo, kwa hiyo tunafunga eneo kwa tahadhari. Tutakuwa tumejifungia wenyewe.

Ila hoja yako ya kwanza ina uzito, watu wanalipa mara nyingi kwa maji yale yale. Mimi ningesema hivi, kama leseni imeshalipwa, kibali cha mashindano kilipie kile kilichoongezeka tu juu ya uvuvi wa kawaida: msongamano, usimamizi, hatari kwa samaki. Kisiwe leseni ya pili kwa mlango wa nyuma.

---

Binti Nanga

Naomba niongeze upande wa baharini maana mnaongea maji baridi tu. Mashindano ya sulisuli na samaki wakubwa wanaohama upande wa Atlantiki huko Marekani, mwandaaji anatakiwa kujisajili serikalini angalau wiki nne kabla, na yakiisha anapeleka ripoti ya samaki ndani ya siku saba. Kujisajili ni BURE. Yaani serikali yao kilichowauma ni data, siyo ada. Na sheria za samaki bado ni kali, mfano mashindano ya sulisuli ukitumia chambo asilia lazima ndoano ya duara tangu 2008, kwa sababu inashika pembe ya mdomo, hainasi tumboni, samaki akiachiwa anaishi.

Kwa hiyo mtu akiniambia ada kubwa ni kwa ajili ya uhifadhi mimi namuuliza, ile sharti ya ndoano iligharimu shilingi ngapi? Uhifadhi mwingi ni masharti tu. Ada ni ya kuendesha ofisi. Sawa, ofisi nayo inahitaji kuendeshwa, ila tusiite kila kitu uhifadhi.

---

Kando ya Maji

Dada Binti Nanga umenielimisha. Lakini masharti bila mtu wa kuyasimamia ni karatasi. Nani anaangalia ndoano za boti 100?

---

Binti Nanga

Swali zuri jirani. Wanasimamiana wenyewe, kwenye mashindano ya pesa mshindani mwenzako ndiye polisi mkali kuliko wote, akikuona na ndoano ya kawaida anakuchongea kabla hujafika gatini.

---

Rili Kutu

Ni kweli hiyo. 2022 Ziwa Erie jamaa wawili waliweka vipande vya madini ya risasi ndani ya samaki aina ya walleye ili wapande uzito, mwamuzi akawapasua samaki mbele ya umati, vyuma vikadondoka na minofu ya samaki wengine ikatoka humo humo. Watu nusura wawararue. Walikiri mahakamani 2023 wakapewa siku kumi jela na boti ikachukuliwa. Hiyo kesi haikuanza na mtu wa kibali, ilianza na wavuvi wenzao kutilia shaka. Sasa mimi siwatetei wala nini, nachekesha tu ila ndo ukweli.

---

Ndoano Duara

Halafu watu wanasahau wavuvi wa mashindano walishawahi kuwa walinzi wa maji kuliko serikali yenyewe. Ray Scott, muuza bima, alifanya mashindano yake ya kwanza ya besi (aina ya samaki wa maji baridi) katika ziwa la Beaver Lake kule Arkansas 1967, washiriki 106 kiingilio dola 100. Baada ya hapo chama chake B.A.S.S. kikafungua kesi zaidi ya 200 dhidi ya viwanda vinavyochafua maji, na 1972 akaanzisha utaratibu wa kuachia samaki wakiwa hai kwenye mashindano, kabla ya hapo walikuwa wanaanikwa kwenye kamba wamekufa. Ndo maana boti za besi leo zina tangi lenye pampu. Ukiua klabu ndogo unawaua na hao watu wanaoshinda majini wanaopiga simu wakiona mafuta yanaelea.

---

Mzee wa Kasia

Vijana mnaongea vizuri, mimi nitie neno moja la tahadhari. Msije mkapeleka hoja kwamba "mashindano ni haki yetu". Kuna nchi ambazo hazikuishia kwenye ada. Ujerumani mashindano ya uvuvi kwa sehemu kubwa hayaruhusiwi kabisa, kwa sababu sheria yao ya ulinzi wa wanyama inataka uwe na sababu ya msingi ya kumuumiza mnyama na kushindana siyo sababu. Uswisi huruhusiwi kwenda majini kwa nia ya kuvua na kuachia. Sasa mkienda mbele ya wakubwa mkapiga meza, kuna mtu upande wa pili wa meza ambaye ada kwake ni hatua ya kwanza tu. Nendeni na ripoti ya samaki mkononi, waonyesheni wangapi walivuliwa, wangapi waliondoka wazima. Mtu akikosa hiyo asiende.

---

Mpima Maji

Mzee shikamoo. Hapo umemaliza. Na niwaambie siri ya ndani, ofisi nyingi hazijui kibali kimoja kinawagharimu kiasi gani. Ada inapangwa kwa kuangalia ya mwaka jana na kuongeza. Ombeni hesabu ya gharama kwa maandishi: masaa mangapi ya mtumishi, safari ngapi, ukaguzi upi. Siyo kwa ubishi, ombeni tu. Wakiwa nayo mtapata cha kujadili, wakiwa hawana hiyo yenyewe ni hoja.

Na gharama moja ambayo ni ya kweli msiikatae ni viumbe wageni. Kome milia waligunduliwa kwenye Maziwa Makuu ya Amerika 1988, walifika na maji ya meli kubwa, lakini kusambaa hadi maziwa mengine ya ndani boti za matrela zilichangia sana, ikiwemo zinazotoka shindano moja kwenda lingine. Kituo cha kuoshea boti ni pesa. Mkijitolea wenyewe kusafisha, kumwaga maji yote na kukausha boti kabla ya kuhama, na mkaandika kwenye maombi, mmepunguza sababu moja ya ada.

---

Tanga Bovu

Haya basi mimi nimeshuka kidogo, ila hiyo ya kulipa kwa boti, si watu wa mashindano makubwa watapiga kelele? Wao ndio wana wanasheria.

---

Mshipi Mrefu

Watapiga, ila hesabu iko upande wetu na ni hesabu ya kuipeleka kwa mtu wa hazina, siyo mtu wa samaki. Angalia. Klabu ndogo 10 za boti 10 kila moja, na mkubwa mmoja wa boti 100. Ada ya zamani 1,000 kila mmoja, serikali inapata 11,000. Wanapandisha hadi 3,000 wakitegemea 33,000. Klabu nane zinakufa au zinaingia mafichoni kama alivyosema Tanga Bovu, zinabaki mbili na mkubwa, wanapata 9,000. Wamepandisha mara tatu wamepata pungufu.

Sasa toza 60 kwa kila boti. Boti zote ni 200, inakuwa 12,000. Klabu ndogo inalipa 600, chini ya ile ya zamani, mkubwa analipa 6,000, na kila boti imebeba mzigo ule ule. Hizo namba ni za mfano lakini mwelekeo wake ndio ninaoushuhudia. Mkubwa akilalamika mwambie kwa boti moja wewe na mimi tunalipa sawa, unalalamikia nini?

Kwa hiyo rasimu ya barua ninayotaka tuipeleke ina haya, mnirekebishe: ada kwa boti na siyo kwa tukio, punguzo kwa anayepima na kuachia hapo hapo, mabadiliko yoyote yatangazwe kabla ya msimu na yasiguse vibali vilivyokwisha kuombwa, na pesa ziingie akaunti ya maji husika na taarifa yake itolewe kila mwaka. Ya watoto nimeiacha, nadhani mashindano ya watoto yasilipe chochote lakini naogopa tukiomba mengi wanachagua lile dogo na kutupa mengine.

---

Chubwi

Hiyo ya akaunti iweke namba moja mkuu. Ukiiweka mwisho haisomwi.

---

Kando ya Maji

Wekeni na kifungu kwamba mteremko mmoja uachwe wazi kwa watu wengine siku ya mashindano, mimi na majirani tutasaini barua yenu. Sitanii.

---

Mshipi Mrefu

Jirani umeshinda, kinaingia. Sahihi ya asiyevua ina nguvu kuliko za kwetu zote. Chubwi, akaunti nimeipandisha juu. Binti Nanga naomba uandike aya ya ripoti ndani ya siku saba, tuiahidi wenyewe kabla hatujaombwa. Mpima Maji nitakutumia inbox ile sehemu ya joto la maji uipitie, hasa saa ya kufunga mizani, maana kuna memba wangu wawili watanikaba wakisikia tunafunga kabla ya saa sita.